Miezi Minne ya Kuwangoja Wale Wadogo

Mimi ni mwalimu wa kemia na baiolojia, na ugonjwa wangu mkubwa ni kueleza. Ukiniuliza kama maji yamechemka, nitaanza na nyuzi joto, nipitie mgandamizo wa hewa wa hapa Moshono ukilinganisha na wa pwani, na nikimaliza chai yako imeshapoa. Wanafunzi wangu wananivumilia kwa sababu wana mtihani. Mume wangu ananivumilia kwa sababu aliapa kanisani. Baba yangu mzazi yeye hakunivumilia tu, aliniamini, na hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Baba ni Mwarusha wa upande wa Kisongo. Ana ng'ombe, na idadi yake siitaji kwa sababu kuhesabu ng'ombe wa mtu hadharani ni kukosa adabu. Ana shamba la mahindi na maharage, ana nafasi yake kanisani benchi la pili kutoka mbele, na ana kichwa. Najua kila mtu ana kichwa. Lakini kwetu kichwa ni jambo. Mtoto hamsalimii mzee kwa kumpa mkono. Unamwendea, unainama, naye anaweka kiganja utosini kwako, ndipo mnaulizana habari. Hata leo, na miaka yangu arobaini na ushei, na nywele nilizozikalia saluni saa tatu nzima, nikifika kwa baba nainama, naye ananibonyeza utosini kama anayepima parachichi kama limeiva. Mzee ndiye anayeshika kichwa cha mtoto. Mtoto hashiki cha mzee. Kichwa cha baba kinashikwa na mama peke yake, siku ya kumnyoa, na hata yeye humpigia hodi kwanza.

Mwaka juzi macho ya baba yakaanza kumchezea. Akawa anagonga vitu, na kila alichokigonga, kwa maelezo yake, kilikuwa kimehamishwa na mtu. "Nani amehamisha hili geti?" Geti lile halijahama tangu nizaliwe. Ikahama meza, ikahama ndoo, siku moja akahama punda, ingawa punda kidogo tunaweza kumwamini baba. Miwani ya mnadani haikusaidia. Nikampeleka kliniki ya macho, wakamtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, wakatuandikia barua. Barua ikatupeleka kwenye kipimo cha MRI, na kipimo kikatupeleka kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo katika hospitali kubwa ambayo jina lake nitalibakiza moyoni.

Daktari alikuwa kijana wa Kichaga, mrefu, mpole, mwenye ndevu chache ambazo ilionekana anazitunza kwa bidii. Akatuonyesha picha. Kwenye ngozi inayofunika ubongo, kwa chini, mbele, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu ndogo. "Mzee, hii siyo saratani," akasema. "Haiendi kokote. Shida yake ni mahali ilipokaa. Imekalia mishipa ya macho, na kila mwezi inakandamiza zaidi. Tukiitoa mapema, macho yako tunaweza kuyaokoa. Tukichelewa utapofuka, yote mawili." Akatupa tarehe, wiki tatu mbele.

Baba alisikiliza yote. Mwisho akauliza swali moja. "Na atakayefungua ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

Baba akamtazama, kwa yale macho yaliyobaki, kuanzia viatu hadi ndevu. "Ulizaliwa mwaka gani?"

Kijana akataja mwaka. Baba akasema, "Mh." Ile "mh" ningeielewa siku ileile, leo nisingekuwa na la kuandika.

Jumapili iliyofuata tulikuwa nyumbani kwa wazee baada ya ibada. Mama analia jikoni, machozi yanadondokea kwenye loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, na mimi siwezi kumwona mama analia bila kufanya kitu, na kitu pekee ninachojua kufanya ni kueleza. Nikamshika mkono, nikamleta sebuleni alipokaa baba, nikaanza. Nilikuwa nimesoma wiki nzima kwenye simu. Nikawaambia siku hizi kuna teknolojia ya nano. Kuna chembe zinatengenezwa maabara, ndogo hivi kwamba ukichukua unywele mmoja ukaupasua upana wake mara elfu moja, kipande kimoja ndicho kipimo chake. Nyingine za mafuta, nyingine za chuma, nyingine za dhahabu.

"Dhahabu?" mama akasema, na machozi yakakauka.

Nikapanda moto. Nikawaeleza kwamba ubongo una walinzi, kwamba mishipa ya damu ya kichwani imebanana kiasi kwamba dawa nyingi zikifika pale zinapiga hodi na kurudi. Lakini chembe hizi, kwa udogo wake na kwa koti maalumu zinalovalishwa, zinaweza kupenya na dawa mgongoni. Zikifika kwenye uvimbe zinashusha mzigo. Au zinang'aa, daktari aone mpaka wa kibaya na kizuri. Au, kama ni za chuma, unazipasha moto kwa sumaku ukiwa nje, nazo zinauunguza uvimbe huko huko ndani.

Baba aliweka fimbo chini. Mtu akiweka fimbo chini ujue amekuja kwenye mazungumzo mzima mzima.

"Hao wadogo," akasema, "wanajuaje kipi kibaya na kipi kizuri?"

"Wanawekewa kitu cha kutambulia, baba. Kinanasa kwenye seli mbaya tu."

"Hata ng'ombe wangu wana alama masikioni, na bado jirani hukosea. Tena hukosea upande wake kila mara. Nani anawachunga?"

"Wengine wanachungwa na sumaku."

"Wakimaliza kazi wanatokea wapi?"

"Ini linawashughulikia. Na figo. Wanatoka kwa njia ya haja, baba."

"Wote?"

"Wengi."

"Na wanaobaki?"

Nikakohoa. Darasani nikiulizwa nisichokijua huwa nasema "hiyo iwe kazi ya nyumbani." Kwa baba huwezi. Nikamwomba mama atuletee chai. Lakini baba alikuwa bado ana swali moja, na aliliuliza taratibu, akitazama pembeni kana kwamba halina uzito.

"Wanaingilia wapi?"

"Kwenye mshipa wa mkono."

"Kichwa hakiguswi?"

"Hakiguswi hata unywele," nikasema, kwa fahari.

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba kichwa chenyewe kinaweza kuwa cha mtu mwingine. Kila nilichosema siku ile kilikuwa kweli. Nilichosahau kusema ni kwamba sehemu kubwa ya mambo hayo bado iko maabara, kwenye panya, na kwa wagonjwa wachache wa majaribio huko mbali, tena wenye saratani, siyo uvimbe kama wa baba. Ni kitu kimoja tu nilikisahau, kama anayepika pilau akasahau mchele.

Baba akawa mwinjilisti. Akawahubiri wale wadogo kwa marika wenzake, akawahubiri mnadani, akawahubiri nje ya kanisa watu wakisubiri mnada wa mavuno. Habari zilisafiri vibaya mno. Mkulima mmoja wa Nduruma ambaye simfahamu alinipigia simu kuuliza kama wale wadogo wa mzee wanaweza kumsaidia na ukungu wa nyanya. Nami, jamani, nilicheka. Nilijisikia fahari kwamba mzee wa darasa la nne ameshika somo langu kuliko kidato cha nne changu chote.

Tarehe ikafika. Asubuhi na mapema nikaenda na gari la mume wangu kumchukua. Nikamkuta amekaa nje kwenye kigoda na rika mwenzake, mzee wa kanisa, ambaye alitahiriwa naye siku moja na tangu hapo hawajaacha kutaniana. Baba amevaa lubega na gumbuti, nguo za kwenda malishoni.

"Baba, tunachelewa."

"Siendi," akasema. "Nawangoja wale wadogo." Kisha akamgeukia mwenzake. "Huyu ndiye yule mwalimu niliyekuambia. Ndiye anayewaleta."

Mzee mwenzake akanitazama kwa heshima. Na mimi, mtu mzima, mwenye shahada, mama wa watoto watatu, nilipaswa kusema pale pale: Baba, hakuna wadogo, panda gari. Nilifungua mdomo. Nikaona aibu mbele ya yule mzee. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Bado hawajafika nchini, baba."

"Basi tutangoja," baba akasema. "Mimi sina haraka."

Nikampigia daktari kuahirisha. "Mwalimu," akasema, "usikae sana."

Nilikaa. Mwezi wa kwanza baba akaniuliza wamefika wapi, nikasema wanakaguliwa. Mwezi wa pili nikasema wako kwenye majaribio, ambayo ilikuwa kweli, ila nilisema kwa namna ya mtu anayezungumzia mzigo uliokwama bandarini. Kila mara nilijiambia Jumapili ijayo nitamweleza vizuri, na kila Jumapili alikuwa amezungukwa na watu wanaosubiri kusikia habari mpya za wadogo. Mwezi wa tatu akaanza kwenda kanisani akimshika mama bega, akisema mama ndiye anayeogopa kuanguka. Kitabu cha nyimbo alikishika juu chini, akaimba beti zote bila kukosea neno, kwa sababu anazijua kwa moyo. Nilimwona. Nikageuza macho.

Mwezi wa nne mtoto wangu mkubwa alipata kipaimara, sherehe tukaifanyia kwa baba. Watoto wa ukoo wakajipanga kumsalimia babu, vichwa chini, mmoja mmoja. Katikati ya mstari kulikuwa na mjukuu mmoja mtundu aliyembeba mwanambuzi kifuani. Baba akanyoosha mkono, kiganja kikatua kwenye kichwa cha mwanambuzi. Akakipapasa.

"Wa nani huyu? Mbona wamemnyoa vibaya hivi?"

Mbuzi akalia "mee." Uwanja mzima ukaangua kicheko, mchungaji akashika mbavu, na mimi nikacheka mpaka nikashika nguzo. Halafu nikaona mkono wa baba. Ulikuwa umeenda kwa mtoto anayefuata. Mtoto alikuwa pale pale mbele yake, ameinama, anasubiri, na mkono wa baba ulikuwa unatafuta hewani, kulia, kushoto, haumpati. Baba hakuwa anacheka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Mama akanivuta jikoni kwa kiwiko kama ananipeleka kuchapwa.

"Hao wadogo wako wapo au hawapo?"

"Wapo, mama. Ila hawapo huku, na siyo kwa ugonjwa wa baba."

Akaweka mwiko chini. "Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipokohoa. Nimekulea mimi." Akachukua mwiko tena, nikadhani atanipiga nao, lakini aligeuza nyama. "Sasa sikiliza wewe mtoto. Baba yako ameshasema neno mbele ya rika lake. Mimi siwezi kumtoa hapo, na wewe huwezi. Mwanamume akishasema mbele ya wenzake, mke akimrudisha ni kumwaibisha. Nenda kamwite mzee mwenzake, useme huo uongo wako mbele yao wote wawili."

Nikaenda. Tukakaa sebuleni, mlango umefungwa, nje muziki wa kipaimara unalia. Baba kwenye kochi lake, mzee wa kanisa kwenye kiti, mimi nimesimama katikati kama mwanafunzi aliyekutwa na simu. Nikasema yote. Nikasema wale wadogo ni kweli lakini si wa kwetu leo, nikasema nilijua tangu siku ya kwanza, nikasema niliona aibu, nikasema macho yanaisha na kosa ni langu.

Baba akaguna.

"Kwa hiyo hakuna anayekuja."

"Hakuna, baba. Ni yule daktari tu."

"Yule mtoto."

"Ni bingwa, baba."

"Ni mtoto!" Akapandisha sauti, jambo ambalo halifanyi. "Mkono huu umeshika vichwa vya watoto wa hapa mpaka barabarani. Waliozaliwa, waliobarikiwa, waliooa, wote wameinama kwangu. Leo niende nilale, mtoto wa mtu aje ashike changu, akifungue kama debe? Afadhali giza."

Hapo ndipo nilipoelewa ile "mh." Hakuwa ameipenda sayansi yangu hata kidogo. Alikuwa amependa mshipa wa mkono.

Mzee mwenzake alikuwa anachokonoa meno. Akaacha. "Kichwa chenyewe hicho," akasema, "kingekuwa hata na nywele tungesema."

"Nyamaza wewe."

"Sinyamazi. Tuliingia jandoni pamoja, nilikuona ukitetemeka."

"Nilitetemeka kwa baridi!"

"Ilikuwa baridi, sikatai. Sasa nisikilize. Yule daktari amewahi kukusalimia?"

Baba akafikiri. "Alinipa mkono."

"Umeona? Kosa ni la hapo. Amekutana na mzee, hajainama, kisha anataka kichwa. Hata mimi ningekataa. Aje ainame kwanza. Akishainama kwako amekuwa mtoto wako, na mtoto wako akikuhudumia ukiwa mgonjwa si aibu. Mwanao hakuogeshi ukiugua?" Kisha akanigeukia, na utani ukamtoka usoni. "Na wewe mwalimu, umedanganya wazee. Zamani tungekutoza kondoo. Mimi nakutoza kitu kigumu zaidi. Hutamweleza mtu yeyote kitu chochote mpaka baba yako atoke hospitali."

Kumpigia simu daktari bingwa na kumwambia "tafadhali ukimwona mgonjwa wako, uiname" si kazi nyepesi, hasa ukiwa umekatazwa kueleza. Nilisema maneno machache kuliko nilivyowahi kusema kwenye simu. Akaelewa upesi. Hata hakucheka. "Hata kwetu mzee hachezewi," akasema. "Mlete kesho."

Tulipofika wodini, kijana yule akaja na msafara wake wa madaktari wanafunzi na manesi. Akasimama mbele ya kitanda, akaondoa miwani, akainamisha kichwa. Nesi mmoja akadhani kizunguzungu, akamkimbilia na kiti. Baba akatafuta kwa mkono, akakipata, akakiwekea kiganja. Hakukiondoa upesi. Alikipapasa mbele, nyuma, na kuzunguka masikio, kama mtu anayekagua dume kabla ya kulinunua.

"Kina joto," akasema hatimaye. "Kichwa chenye joto kinafanya kazi. Haya, keti."

Daktari akaketi pembeni ya kitanda. Baba, kwa kuwa sasa walikuwa wa nyumba moja, akamuuliza yale maswali yake yote. Wanajuaje kibaya na kizuri, nani anawachunga, wanaobaki wanaenda wapi.

"Mzee," daktari akasema, "wanaowatengeneza hao wadogo wanajiuliza hayo hayo uliyoniuliza, na hayajajibika yote. Siku yakijibika tutawatumia, nami nitafurahi. Lakini uvimbe wako wewe, hata wangekuwepo leo, ningeutoa kwa mikono. Umekaa mahali pa mikono."

Baba akanigeuzia uso wenye ushindi. "Umesikia? Hayajajibika." Nilisikia, na niliuma ulimi kwa sababu ya faini.

Kukazuka mjadala wa kunyoa. Nesi akaja na mashine, baba akasema mashine hiyo haijulikani imepita vichwa vya akina nani. Daktari akakubali mama anyoe, nesi amalizie sehemu ya kidonda. Mama akamnyoa polepole, na mara hii hakupiga hodi. Nilimwona anapitisha kidole pale ambapo kisu kingepita kesho yake, na baba akamwacha.

Asubuhi ya upasuaji daktari akapita kumwona kabla ya kuingizwa. Baba akamwambia lete mikono. Akaishika yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaomba Mungu aiongoze, kwa Kimaasai chetu cha nyumbani, na mwisho akatemea mate kidogo, pu, pu, kila kiganja. Ndiyo baraka yetu, na hakuna kubwa kuliko hiyo. Nesi aliyekuwa anasukuma kitanda alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa binadamu. Daktari akasema, "Amina, mzee. Usiogope dada, kule ndani huwa tunanawa sana."

Upasuaji ulichukua karibu siku nzima. Mama alikaa na kitambaa anachokifuma, akiuliza kila baada ya muda, "Sasa hivi watakuwa wamefika wapi?" kama vile wamekwenda Moshi. Nilijua wanavyofungua, nilijua wanavyofika. Ningeweza kumweleza mpaka jioni. Nilisema tu, "Wako njiani, mama," na safari hii ilikuwa kweli. Nilitaka baba awe mzima. Niliahidi Mungu mambo mengi ambayo mengine nimeshayavunja.

Daktari akatoka amechoka, kofia mkononi, akasema uvimbe umetoka, baba anapumua mwenyewe. Mama akamkumbatia mpaka miguu ya kijana ikakaribia kuacha sakafu, na mama yangu ni mfupi.

Siku ya tatu wakampima macho. Mimi sikuingia, nilisimama korido. Nilisikia daktari anauliza vidole vingapi, baba anajibu vitatu. Vingapi, viwili. Mama akapiga kigelegele kimoja kifupi, akanyamazishwa. Kisha daktari akalifunika jicho hilo, akapima la pili. Vingapi? Kimya. Na hapa, mzee? Kimya. Akaleta tochi. Unaona mwanga? "Mwanga uko wapi?" baba akauliza.

Daktari akanikuta korido. Akasema jicho la kushoto limepona vizuri, litaendelea kupata nguvu. La kulia mshipa wake ulikuwa umekandamizwa muda mrefu mno.

"Miezi ile minne?" nikamuuliza.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sijui, mwalimu. Labda. Nikikuambia hapana nitakuwa nakudanganya."

Nilikaa kwenye benchi la korido mpaka benchi likapata joto. Sikuwa na maelezo yoyote. Kisha nikaingia. Mama alikuwa ametoka kutafuta uji. Baba amelala chali, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, uso umevimba. Kulikuwa na kiti karibu na mlango, upande wa kulia wa kitanda, nikakaa hapo hapo. Nikafungua mdomo, kilio kikatangulia. Nililia vibaya, kwa kamasi, kama mtoto wa chekechea.

"Baba, lile jicho ni mimi. Mimi ndiye niliyekuchelewesha."

"Najua," akasema.

Hakusema siyo kosa lako. Hakusema Mungu ndiye anayejua. Baba hadanganyi watu. Akaniacha nikamaliza kulia, akajaribu kugeuza uso kunitafuta, kidonda kikamzuia, hakunipata, akapigapiga godoro kwa mkono wa kushoto.

"Hama hapo. Njoo ukae huku, nikuone."